Msiseme Mtoto Haoni Rangi

Mtoto mdogo haoni rangi. Kauli hii utaisikia kwenye mikutano ya wazazi, kwenye mahubiri na kwenye vipindi vya redio, na ni nadra kusikia anayeipinga. Wanaoisema wanaamini kwamba mtoto huzaliwa na moyo safi, hucheza na yeyote, na kwamba siku atakapomdharau mwenzake kwa weusi wake, ujue kuna mtu mzima mwovu aliyemfundisha. Ushauri unaofuata ni kutoyataja mambo hayo mbele ya watoto, tusije tukawatia sumu. Na huku kwetu Afrika Mashariki watu huongeza kwamba ubaguzi wa rangi ni maradhi ya Wamarekani na Makaburu, sisi tuna ukabila na umaskini wa kuhangaikia.

Nayapinga yote. Najua kwa nini watu wanaishikilia imani hii: inatupa mahali pa kupumzika, kwamba angalau watoto wetu wako salama kutokana na uchafu wa dunia. Lakini hawako salama, na imani yenyewe inawaacha peke yao katika miaka ileile ambayo wangehitaji mtu wa kuwaeleza wanachokiona.

Tuanze na macho. Mwaka 2005, David Kelly na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya Uingereza. Waliwaonyesha watoto wachanga picha za nyuso, mbili kwa pamoja, kisha wakapima ni uso upi mtoto anaukazia macho kwa muda mrefu. Wale wa siku chache tu tangu kuzaliwa waligawa macho yao sawasawa. Wale wa miezi mitatu, waliokuwa weupe na waliolelewa na weupe, walikuwa wameshaanza kuzitazama zaidi nyuso za watu weupe. Mwaka uliofuata Yair Bar-Haim wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake wakaliendeleza jambo hilo kwa watoto wa umri huohuo. Watoto weupe wa Israeli walipendelea nyuso nyeupe. Watoto wa Ethiopia waliokuwa kwao walipendelea nyuso za Kiafrika. Lakini watoto wa Kiethiopia waliokuwa wakilelewa Israeli katika vituo vya kupokelea wahamiaji, wakizungukwa na nyuso za aina zote mbili tangu kuzaliwa, hawakupendelea upande wowote.

Hapo mambo mawili yanajitokeza kwa mpigo. Kwanza, mtoto huona tofauti ya rangi mapema kuliko anavyokaa mwenyewe bila kushikwa. Pili, hakuzaliwa na upendeleo wa rangi. Wapo wanaosema, wakikata tamaa, kwamba kujibagua ni silika ya binadamu na hakuna la kufanya. Wale watoto wa vituo vya wahamiaji wanawajibu: jicho la mtoto huzoea kile anachowekewa mbele yake.

Hata hivyo kuona tofauti bado si kubagua, na hapa nawapa wapinzani wangu haki yao. Katherine Kinzler na Elizabeth Spelke, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwapa watoto weupe wa Marekani nafasi ya kupokea na kutoa vitu vya kuchezea. Mtoto wa miezi kumi alipokea kitu kwa mtu mweupe au mweusi bila kujali. Wa miaka miwili na nusu alimpa yeyote zawadi bila kujali. Wa miaka mitano alipoulizwa angependa kuwa rafiki wa nani, alichagua wa rangi yake. Kwa hiyo yule mtoto mwenye moyo safi tunayemsifu yupo kweli. Ila umri wake ni miaka miwili na nusu, na anapofika mitano ameshabadilika. Wakati huo bado yuko chekechea, hajaanza darasa la kwanza, na sisi bado tunasema ni mdogo mno kuambiwa.

Ni nini kilichomfikia katikati hapo? Jibu la kawaida ni yule mtu mzima mwovu: baba mwenye chuki, jirani mwenye mdomo mchafu. Yupo, sikatai, lakini hatoshi kulieleza jambo lenyewe. Frances Aboud na Anna-Beth Doyle wa Kanada walilinganisha misimamo ya watoto wa shule ya msingi na ya mama zao, wakachapisha matokeo mwaka 1996. Uhusiano kati ya wawili hao ulikuwa hafifu. Lakini watoto wenyewe waliamini kwamba mama zao wanafikiri kama wao. Miaka 16 baadaye Erin Pahlke, Rebecca Bigler na mwenzao waliwatazama akina mama weupe wa Marekani wakiwasomea watoto wa miaka minne na mitano vitabu vilivyogusa habari za rangi. Wengi wa akina mama waliikwepa mada, na watoto hawakuwa na habari mama zao wanaamini nini. Kilichohusiana na msimamo wa mtoto kilikuwa marafiki wa mama: watoto ambao mama zao walikuwa na marafiki wengi zaidi wasio weupe walionyesha upendeleo mdogo. Mtoto alikuwa akihesabu wageni wanaokuja nyumbani.

Utafiti wa Italia ndio ninaotamani kila mwalimu wa awali aufahamu. Luigi Castelli na wenzake, mwaka 2008, waliwaonyesha watoto weupe wa chekechea video ya mtu mweupe akizungumza na mtu mweusi. Katika baadhi ya video maneno yalikuwa ya kirafiki, katika nyingine ya kawaida tu. Mwili nao ulikuwa na habari yake: mara mtu huyo alikaa karibu na mwenzake kwa utulivu, mara alijitenga akionekana hana raha. Watoto hawakuyafuata maneno. Waliufuata mwili. Walipoona mtu mweupe amejiweka mbali, wao pia walimkadiria yule mweusi vibaya zaidi, hata kama maneno waliyoyasikia yalikuwa mazuri. Sasa mfikirie mzazi anayemwambia mwanawe kwamba watu wote ni sawa, kisha akipita kijana mweusi tii aliyechakaa nguo anakaza mkono kwenye mkoba na kumvuta mtoto upande wa pili. Somo limeshatolewa, na si lile la mdomoni.

Mpaka hapa msomaji wa Tabora au Machakos anaweza kusema: hayo ni ya Wazungu na watoto wao, sisi tuna nini hapo? Shule ya mwanangu haina hata Mzungu mmoja. Hoja hiyo ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu ndiyo inayotulaza usingizi.

Twende Afrika Kusini, nchi ambayo watu weusi ndio wengi. Kristin Shutts, Kinzler, Spelke na wenzao waliwapima watoto huko, na matokeo yakatoka mwaka 2011. Watoto weusi wa miaka mitatu hadi kumi na mitatu, wanaoishi kwenye kitongoji cha watu weusi, waliwapendelea watu wa jinsia yao, wavulana kwa wavulana na wasichana kwa wasichana. Watu wa rangi yao hawakuwapendelea. Kisha watafiti wakaenda kwenye shule ya msingi yenye watoto wa rangi zote, wa miaka minne hadi tisa. Weusi, weupe na machotara, wote waliwapendelea watu weupe. Watoto hao wa shule walizaliwa baada ya uchaguzi wa 1994. Sheria za Makaburu zilikuwa zimekufa kabla hawajazaliwa, na rais wa nchi yao wakati wote alikuwa mtu mweusi.

Kama mazoea ya jicho peke yake ndiyo yangeamua, watoto wa kitongoji kile wangependelea weusi, maana ndio wanaowaona kutwa. Kama wingi wa watu ndio ungeamua, ingekuwa hivyohivyo. Kilichoamua ni hadhi. Mtoto anatazama nani ana gari na nani anaosha gari, nani anamiliki duka na nani anabeba magunia, kisha anajumlisha. Hesabu yenyewe hajakosea. Alikokosea ni kudhani kwamba walio juu wako juu kwa sababu ni bora. Na hakuna mtu aliyemwambia vinginevyo, kwa sababu tulikubaliana kutoyataja.

Wamarekani weusi walilijua hili zamani. Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, wote wanasaikolojia, waliwaketisha watoto weusi wa miaka mitatu hadi saba mbele ya wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Nipe unayependa kucheza naye. Nipe aliye mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Na mwisho: nipe anayefanana na wewe. Katika matokeo yao ya mwaka 1947, watoto 253 walishiriki, na karibu theluthi mbili walimchagua mwanasesere mweupe wa kucheza naye. Wengi walimtaja wa kahawia kuwa ndiye mbaya. Lilipokuja swali la mwisho, mtoto akiwa ameshamwita wa kahawia mbaya, baadhi yao walilia, wengine wakatoka chumbani. Kazi ya Kenneth Clark ilitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku kuzitenga shule za serikali kwa rangi. Jambo linalosahaulika ni kwamba watoto wa Massachusetts, kaskazini, waliosoma shule zilizochanganyika, ndio waliomwelekea zaidi mwanasesere mweupe kuliko wenzao wa Arkansas waliotengwa kwa sheria. Kuwaweka watoto pamoja darasani bila kuwaeleza chochote hakukuwaokoa.

Nasi pia tuliwahi kuwa na shule za rangi. Tanganyika chini ya Mwingereza ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na majengo yake na fedha zake, mpaka mfumo mmoja ulipoanza mwaka 1962. Sheria iliondoka. Nani alikaa na watoto kuwaeleza kwa nini majengo yale yalipishana vile? Tulinyamaza tukaona yamekwisha.

Sasa tazama nyumba zetu. Mtoto amezaliwa, wageni wanakuja kumwona, na kabla chai haijaiva kuna shangazi ameshamgeuza kichwa kutazama masikio. "Huyu atakuwa mweusi, angalia masikio yake." Wengine wanatazama kucha. Kama masikio ni meupe pongezi zinamwagika, kama ni meusi kuna kicheko kidogo na mama anajitetea kwamba atabadilika. Dada wa huyo mtoto, mwenye miaka minne, amesimama hapohapo pembeni ya kitanda. Anayasikia yote. Anajishika masikio yake.

Nimekaa kwenye mahafali ya shule ya awali nikamwona mwalimu akichagua mtoto wa kumpelekea mgeni rasmi shada la maua. Alipita safu nzima ya wasichana waliovaa sare moja, akamsimamisha mweupe kuliko wote mwenye nywele ndefu za singa. Sidhani alikuwa na nia mbaya, na kama ungemuuliza angesema amechagua mtoto mchangamfu. Lakini wasichana wengine wote waliokuwa kwenye safu ile walijua kilichochaguliwa. Mwaka ujao watajua tena. Kila siku majina yanaitwa mtaani, Cheupe, Cheusi, na si vigumu mtoto kujua lipi huitwa kwa bashasha na lipi kwa utani unaouma. Dukani wanasesere wananing'inia ndani ya mifuko ya plastiki, wengi wao wakiwa na nywele za njano. Nyumbani kuna kopo la mkorogo juu ya kabati, na mtoto ameshamwona mama au dada akijipaka usiku huku akikunja uso kwa maumivu. Serikali zetu zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na zimefanya vyema, lakini marufuku inashughulika na kopo. Aliyemwona mama yake akivumilia maumivu ili awe mweupe ameshajua weupe una thamani gani.

Na kama kuna mtu bado anaamini kwamba macho ya mtoto huvutwa tu na weupe kwa asili yake, amtazame mtoto mwenye ualbino katika darasa hilohilo. Ngozi yake ni nyeupe kuliko ya yule msichana wa maua. Hapati maua. Anakimbiwa, wengine wanajitemea mate kifuani ili mkosi usiwapate, anaitwa zeruzeru. Tanzania imewahi kupoteza watu wenye ualbino kwa mapanga ya wauaji walioamini viungo vyao huleta utajiri. Watoto wa darasa moja wanashika kanuni mbili kuhusu ngozi nyeupe, zinazopingana kabisa, na wanazishika bila kuchanganya hata mara moja. Hakuna jicho linaloweza kufanya hivyo peke yake. Ni sisi tuliowapa kanuni zote mbili, moja kwa sifa na nyingine kwa hofu.

Hoja nzito zaidi ya wanaotaka kunyamaza inatoka kwenye utafiti, na sitaikwepa. Rebecca Bigler na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1997, waligawa fulana za bluu na za njano kwa watoto wa shule ya likizo. Katika baadhi ya madarasa walimu hawakujali rangi za fulana. Katika mengine walizitumia kila siku: bluu pangeni mstari, njano kaeni huku. Baada ya wiki chache watoto wa madarasa haya ya pili walianza kuamini kwamba kundi lao ni bora. Wale wa madarasa ya kwanza, ambako rangi haikuwa na kazi, hawakuonyesha hivyo. Unaona, wanasema, ukiitaja rangi unazaa ubaguzi.

Soma tena walichofanya walimu. Hawakueleza chochote. Hawakusema bluu ni bora au njano ni bora. Waliwapanga watoto kwa rangi, mara kwa mara, bila kutoa sababu, na watoto wakajitafutia sababu wenyewe. Hivyo ndivyo dunia yetu inavyofanya: inawapanga watu kwa rangi kwenye matangazo, kwenye kamera za televisheni, kwenye shada la maua, na haitoi sababu. Darasa ambalo rangi haina kazi mtoto wetu hajawahi kuliingia. Yumo kwenye darasa la pili tangu alfajiri, na anayemshauri mzazi kunyamaza anamwondolea mtu pekee ambaye angeweza kumwambia kwamba mpangilio huu uliwekwa na watu, na walikosea.

Pana ushahidi pia wa kinachotokea mtu mzima anaposema. Julie Hughes, Bigler na Sheri Levy, mwaka 2007, waliwafundisha watoto wa shule ya msingi maisha ya Wamarekani weusi mashuhuri. Kundi moja lilisimuliwa mafanikio yao tu, jingine likaambiwa pia walivyobaguliwa. Watoto weupe walioambiwa ukweli wote ndio waliotoka na mtazamo mzuri zaidi juu ya watu weusi, na watoto weusi walioambiwa hawakudhurika. Na kunyamaza nako kumepimwa. Evan Apfelbaum na wenzake, mwaka 2010, waliwasomea watoto wa miaka minane hadi kumi na mmoja hadithi yenye matoleo mawili, moja likihimiza kwamba tofauti za rangi tusiziangalie, jingine likizithamini. Kisha wakawasimulia visa, kimojawapo kikiwa cha mtoto aliyeumizwa waziwazi kwa sababu ya rangi yake. Wale waliofundishwa kutoiangalia rangi ndio walioshindwa zaidi kuutambua ubaguzi hata ulipokuwa mbele yao. Hapo ndipo ushauri wa kunyamaza unapotufikisha: mtoto anayetazama mwenzake akidhulumiwa na haoni dhuluma.

Mtu ataniuliza, niseme nini kwa mtoto wa miaka minne? Jibu kile alichouliza. Akiuliza mbona yeye mweusi na Asha mweupe, usimwambie nyamaza, wala usikimbilie tu kusema sisi sote ni wa Mungu, kwa sababu hilo analijua na silo aliloliuliza. Mwambie ngozi ina kitu kinachoitwa melanini, kingi kwa mmoja na kichache kwa mwingine, kinachokinga ngozi isiungue na jua, na kwamba yeye amekipata kwa babu yake. Akisema Asha ndiye mzuri, muulize nani amesema. Atakutajia mtu, au tangazo, na hapo umepata la kuzungumza: watu wengine husema hivyo, wamekosea, na wamelisema muda mrefu tangu wakati ambapo weupe walitawala nchi hii na kujiwekea shule nzuri. Mtoto wa miaka minne anaelewa habari ya mtu kujipendelea. Anaipigia kelele kila siku kwenye kugawana mandazi.

Shangazi anayegeuza masikio ya mtoto aambiwe aache, kwa heshima yake yote, mbele ya watoto waliomsikia. Akiambiwa chumbani kwa faragha, watoto watabaki na kauli yake ya kwanza. Mwalimu anayechagua wa kubeba maua achague kwa kura. Vyuo vinavyofundisha walimu wa awali viweke jambo hili kwenye mafunzo ya mwaka wa kwanza, pamoja na habari za ualbino, kwa sababu uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Tobias Raabe na Andreas Beelmann mwaka 2011 unaonyesha kwamba upendeleo huu hupanda kutoka utotoni na kufika kileleni kati ya miaka mitano na saba. Tukisubiri somo la uraia la madarasa ya juu, tunamfuata mtoto akiwa ameshachagua rafiki, ameshachagua mwanasesere, na ameshaamua yeye mwenyewe ni mzuri au si mzuri.